Oili Nyingi Hailindi Mashine

Hapa Fungurume, mji wa migodi mkoani Lualaba, kuna imani moja ambayo hata watu wasioelewana kwa jambo lolote huikubali pamoja: kwamba injini ya mipigo miwili, ile mafundi wa huku wanayoiita deux temps, ukiitilia oili kidogo inakufa, ukiitilia nyingi inaishi. Kinyozi anayevuta kamba ya jenereta ndogo umeme wa shirika la SNEL unapokatika anaamini hivyo. Mpasua mbao anayeingia porini na tronsonezi, yaani msumeno wa mashine, anaamini hivyo. Na yule Kadhafi, yaani muuzaji wa esansi (petroli) kwa chupa kando ya barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, akikuona unasita, atakumalizia shaka kwa sentensi moja: "Oili mingi haina mubaya, yaya." Kisha anamimina.

Ina ubaya. Tena ubaya wake ni wa kuudhi, kwa sababu unajificha nyuma ya lawama nyingine, na kila unapotokea, dawa inayotolewa ni kuongeza oili tena.

Nisieleweke vibaya. Mashine hizi bila oili hazifiki mbali; esansi tupu inaweza kuikwamisha pistoni ya tronsonezi kabla mti mmoja haujaanguka. Ninachokipinga ni ile hesabu ya woga inayokichukulia kipimo cha kitabu kuwa kima cha chini, na kila tone linalozidi kuwa akiba. Oili haiwekwi akiba ndani ya injini hii. Katika injini ya mipigo minne oili inakaa chini kwenye karta yake, inazunguka, inarudi, na siku ikichakaa inamwagwa. Katika mipigo miwili hakuna kurudi. Esansi na oili huingia pamoja kwenye chumba cha krenki, oili inapaka beringi, mkono wa pistoni na ukuta wa silinda, halafu inapanda juu na kuchomwa pamoja na esansi. Kwa hiyo ina kazi mbili: kulainisha, na kuondoka. Waumini wa oili nyingi wanaikumbuka ile ya kwanza tu. Oili isiyowahi kuungua inabaki ndani, na inabaki kama masizi.

Tuweke namba mezani, maana ubishi huu kwa kawaida hufanywa kwa ishara za mkono. Kipimo cha 50:1 maana yake ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya esansi. Bidoni la lita 5 linapokea mililita 100, la lita 20 linapokea 400. Kipimo cha 25:1 ni maradufu. Sasa angalia kinachofanyika mitaani: mtu anachukua chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa oili, anamwaga nusu yake ndani ya bidoni la lita 5. Hizo ni mililita 250, yaani 20:1, mara mbili na nusu ya alichoambiwa na kiwanda. Akiwa na mashaka na mashine, anaongeza "kidogo tu". Hicho kidogo hakina jina wala namba, na kesho hakitakuwa sawa na cha leo.

Imani hii haikuzuka hewani, na si ujinga. Ilikuwa kweli wakati fulani. Vespa za miaka ya 1950 zilidai mchanganyiko wa 5%, yaani 20:1, na pikipiki na misumeno mingi ya zamani zilitaka 25:1 au mzito zaidi, kwa sababu oili ya wakati ule ilikuwa oili ya madini ya kawaida, na beringi na ringi za wakati ule zilitengenezwa kwa kutegemea hiyo. Baba aliyejifunza ufundi enzi za Zaire alifundishwa sawasawa kabisa, naye akamfundisha mwanawe. Oili ikabadilika, chuma kikabadilika, viwanda vikashuka hadi 50:1, lakini maneno ya baba yakabaki palepale. Ndivyo tunavyojikuta na jenereta ya juzi kutoka China ikinyweshwa kwa kipimo cha pikipiki iliyokwishakuwa chuma chakavu.

Lakini hoja yangu kuu si historia. Ni mzunguko ninaouona ukijirudia hasa kwa wenye tronsonezi, na ningeomba kila fundi ausome polepole.

Mwenye msumeno anazidisha oili. Msumeno unatoa moshi, unakohoa, mngurumo wake unakuwa mzito. Anaupeleka kwa fundi na malalamiko kwamba unavuta moshi. Fundi haulizi kuhusu bidoni. Anachukua bisibisi na kuifunga kidogo skrubu ya kabureta, ile ya mwendo wa kasi. Moshi unapungua, mlio unapanda, mashine inaanza kuimba. Wote wawili wanafurahi. Kilichotokea ni kwamba fundi amepunguza kimiminika kinachoingia, na kimiminika hicho tayari kilikuwa na esansi pungufu, kwa sababu sehemu yake ilikuwa imechukuliwa na oili. Katika 50:1, esansi ni 98% ya kinachopita kwenye tundu la kabureta. Katika 20:1 imeshuka hadi 95%, tena mchanganyiko mzito hupita kwa uvivu. Tofauti hiyo peke yake ni ndogo, mashine ingeivumilia. Bisibisi ndiyo inayoizidisha. Hewa sasa ni nyingi, esansi ni kidogo, na moto wa namna hiyo ni mkali. Porini, mwenye msumeno anaubana ndani ya gogo la mukula, ule mti mwekundu mgumu uliokatwa mno Katanga na Zambia ukasafirishwa hadi China, anashika kasi yote, na pistoni inavimba kwa joto mpaka inashika ukuta wa silinda.

Na hukumu inayotolewa baada ya hapo? "Oili ilikuwa kidogo." Pistoni mpya inawekwa, oili inaongezwa, moshi unarudi, bisibisi inarudi. Mtu anaweza kuzika mashine tatu kwa njia hii na kila msiba ukaithibitisha imani yake.

Kwa jenereta ndogo mambo huenda kwa njia nyingine, maana nyingi hazina skrubu ya kuchezea mwendo wa kasi. Hizi zinakufa kwa kuziba. Chukua ile aina inayojulikana kwa namba 950, yenye injini ya sentimita za ujazo 63, inayowasha mashine ya kunyolea, taa na redio. Fungua boliti za ekzosi, ivute pembeni, chungulia tundu la silinda ambalo moshi hupitia. Katika mashine inayolishwa vizuri utaona ukingo wa chuma na utando mwembamba wa rangi ya kahawia. Katika mashine ya mtu wa oili nyingi utakuta ukoko mweusi, mgumu kama lami iliyokauka, umelizunguka tundu mpaka limebaki nusu ya upana wake. Kwenye ekzosi yenyewe, ukiigonga, vinadondoka vipande. Moshi usipopata pa kutokea, joto linabaki ndani na nguvu inapotea. Ringi nazo zinaganda kwenye mifereji yake kwa masizi yaleyale, mgandamizo unashuka, kamba inavutwa mara kumi bila jibu. Mwenye mashine anasema imezeeka. Haijazeeka, imekabwa.

Hapa juu tulipo kuna jambo jingine ambalo kitabu cha kiwanda hakilitaji. Ukanda huu wa shaba uko juu, Kolwezi ikiwa mita 1,400 na ushei kutoka usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban 15% ukilinganisha na pwani. Kabureta iliyopangwa kiwandani kwa hewa nzito inapofika huku inatoa esansi nyingi kuliko hewa iliyopo. Yaani mashine inaanza maisha yake Lualaba ikiwa tayari inashindwa kuchoma vizuri ilichopewa. Buji, yaani plagi, inatoka imelowa, nyeusi. Kwa hali hiyo, oili ya ziada ni mzigo kwa mashine inayolemewa hata na ile ya kawaida. Anayetaka kurekebisha kabureta kwa ajili ya mwinuko afanye hivyo, ni haki yake, lakini kwanza mchanganyiko uwe umepimwa, la sivyo anatibu ugonjwa mmoja kwa dalili za mwingine.

Halafu vumbi. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, malori yanayobeba shaba na kobalti kuelekea mpakani Kasumbalesa yanalitimua na vumbi jekundu linaingia hata ndani ya sufuria zenye vifuniko. Kichujio cha hewa cha mashine ndogo ni kipande cha sponji. Mara nyingi kimechanika, au kimeondolewa kabisa "ili ipumue". Vumbi hilo linasaga pistoni kama msasa, na mashine inayosagwa na vumbi huonyesha dalili zilezile ambazo watu wanaziita njaa ya oili: inapoteza nguvu, inagoma kuwaka, inatoa mlio wa chuma. Lakini pistoni yenyewe haidanganyi. Ikiwa imesagika na kufifia zaidi upande wa kabureta, upande hewa inakoingilia, muuaji ni vumbi. Ikiwa ina mikwaruzo mirefu upande wa ekzosi, tafuta joto: esansi pungufu, hewa inayovuja kwenye gasketi au sili ya krenki. Ikiwa imekwaruzika pande zote, basi kweli, huyo alikosa oili, na kwa kawaida ni mtu aliyetia esansi tupu kwa bahati mbaya. Fundi anayetupa pistoni ya zamani bila kuigeuza mkononi ametupa ushahidi pekee uliokuwepo, halafu anatoa hukumu kwa kukisia.

Sasa aina ya oili, ambayo kwangu ndiyo swali la kwanza, na kipimo ni la pili. Wengi wanaobishana kuhusu 25 au 50 wanabishana juu ya chupa ambayo hawajui ndani yake kuna nini. Ile inayouzwa kwa kupimiwa sokoni mara nyingi ni oili ya gari, namba 40, nzito, nyeusi au ya dhahabu. Oili hiyo ilitengenezwa ikae ndani ya injini na isichomwe. Imetiwa kalisiamu, zinki na viungo vingine vya kusafisha na kulinda chuma kwa maelfu ya kilomita. Ukiichoma, viungo hivyo vinabaki kama majivu. Majivu yanakaa juu ya pistoni na kwenye ncha ya buji, yanapata moto mpaka yanang'aa, na yanaweza kuwasha esansi kabla buji haijatoa cheche. Pistoni zenye tundu katikati ya kichwa mara nyingi zimepitia huko. Isitoshe, asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Lualaba ikiwa kali, oili hiyo nzito haichanganyiki na esansi upesi. Inazama chini ya bidoni. Mvuto wa kwanza mashine inakunywa oili, wa baadaye inakunywa esansi karibu tupu. Mtu huyo ametia 20:1 kwenye bidoni na bado pistoni imekufa kwa kiu.

Oili ya mipigo miwili inachanganyika haraka, mara nyingi ina rangi ya buluu, nyekundu au kijani ili uone kwamba imechanganyika, na imetengenezwa iungue bila kuacha mengi. Kwenye chupa tafuta maandishi JASO FC au FD, au API TC. TC-W3 ni ya injini za boti zinazopozwa kwa maji, kama zile Yamaha za wavuvi wa Tanganyika. Msumeno unaopozwa kwa hewa unataka kitu kinachohimili joto kubwa zaidi.

Najua watakachonijibu. Watasema kitabu cha Stihl chenyewe kinaruhusu 25:1. Ni kweli, kinaruhusu, kwa mtu anayetumia oili ya kampuni nyingine, mradi iwe ya mipigo miwili yenye daraja la TC. Kwa oili yao wenyewe wanaandika 50:1. Husqvarna nao wana 2% kwa yao na 3% kwa ya wengine. Soma tena: ruhusa hiyo ina masharti kuhusu oili, na ina mpaka. Haisemi "au zaidi". Mtu aliye na oili ya mipigo miwili asiyoiamini sana na akaenda 33:1 au 25:1, sina ugomvi naye. Amechagua kipimo, ameandika, atakitumia tena kesho. Ugomvi wangu ni na anayeishika ruhusa hiyo kama kibali cha oili yoyote kwa wingi wowote.

Wengine, wajanja zaidi, watanitajia mbio za gokati ambako watu huchanganya 16:1 au 20:1 na mashine zinakimbia vizuri. Kweli tena. Injini hizo zinazunguka zaidi ya mara 15,000 kwa dakika, na hufunguliwa na kusafishwa baada ya saa chache tu. Jenereta ya kinyozi inazunguka 3,000, inabeba taa mbili na simu sita, na haijawahi kufunguliwa tangu itoke kwenye boksi. Hitaji la oili linakwenda na kasi na mzigo, na Yamaha walilifanyia kazi jambo hilo tangu 1964 walipotoa mfumo wa Autolube: oili inakaa kwenye tangi lake, pampu inaiongeza injini inapokaza na kuipunguza inapotulia. Pikipiki zao za AG100 zilizobeba mapadre na wachanjaji kwenye njia mbovu za nchi hii ndivyo zinavyofanya kazi. Kama oili nyingi isingekuwa na madhara, wahandisi wale wangeweka bomba lililo wazi wakaenda kulala.

Lipo pia jibu la "yangu ina miaka mitatu na inakula oili nyingi". Hongera. Ekzosi yake umeifungua lini?

Wala sisi si wa kwanza. Mwaka 2000 Benki ya Dunia ilichapisha utafiti kuhusu bajaji za mipigo miwili za Asia Kusini, ikakuta madereva wakitia oili kupita mbali kipimo cha 3% walichopewa na viwanda, tena mara nyingi oili ya madini tupu au oili ya gari, kwa sababu ileile ya hapa: waliamini ikizidi ndiyo inalinda. Delhi ilikuwa imekwishapiga marufuku, mwishoni mwa 1998, uuzaji wa oili ya kupimiwa kwa bajaji na pikipiki hizo, na kulazimisha pampu zinazotoa esansi iliyokwishachanganywa. Dhaka ilikwenda mbali zaidi: kuanzia 2003 bajaji za mipigo miwili zikaondolewa barabarani. Sitaki Fungurume ifikie kuondolewa mashine kwa amri. Kwa watu wengi jenereta ile ndogo ndiyo umeme wao, ingawa nyaya nene zinazoleta umeme wa bwawa la Inga hadi Kolwezi tangu 1982 zilijengwa kwa ajili ya migodi ya ukanda huuhuu. Lakini moshi wa buluu unaojaa sokoni saa za jioni, juu ya samaki na migongo ya watoto, sehemu yake kubwa ni oili ambayo mtu alilipia na mashine haikuihitaji.

Hili ndilo linalonishangaza zaidi ya yote. Mji huu una mafundi wanaoshinda kwenye karakana za migodini, ambako oili ya injini za magari makubwa huchukuliwa sampuli ikapelekwa maabara, na kila boliti ina kiwango chake cha kukazwa. Kazini mtu huyo hathubutu kukadiria. Akirudi nyumbani, anasimama juu ya bidoni lake la lita 5 na kumimina kwa jicho huku akiongea.

Kifaa cha kupimia kipo kila famasi: bomba la sindano la mililita 20. Bomba moja lililojaa kwa lita moja ni 50:1 kamili, bila hesabu. Mabomba matano kwa bidoni la lita 5. Tia nusu ya esansi, tia oili, tikisa, malizia esansi, tikisa tena, wala usichanganye kingi cha kukaa mwezi mzima juani. Vifuniko vya chupa achana navyo. Kila kampuni ya maji ina kifuniko chake.

Inabaki hoja moja ya upande wa pili ambayo ina uzito, nayo ni kwamba hapa hakuna anayejua kwa uhakika anachouziwa. Esansi ya chupa huenda imetiwa mafuta ya taa, oili yenye lebo nzuri huenda imejazwa nyuma ya duka. Basi, wanasema, heri kuzidisha. Lakini oili mbovu ukiizidisha unapata oili mbovu nyingi zaidi. Majivu yake hayapungui kwa wingi wake. Asiye na imani na muuzaji anunue chupa iliyofungwa, akague muhuri, esansi aichukue kituoni au kwa Kadhafi mmoja yuleyule anayemfahamu, na baada ya saa kadhaa za kazi aitoe buji aitazame: kahawia nyepesi ni nzuri, nyeusi iliyolowa ni oili au esansi iliyozidi, nyeupe iliyopauka ni joto. Na fundi anayeendelea kudai kwamba mashine ya mteja wake ilikufa kwa kukosa oili, aiweke hiyo pistoni mezani, tuigeuze pamoja tuone imekwaruzika upande gani.